Sura ya Sita: Muhogo Mahakamani

Ukiingia Lundo jua likiwa la utosi, weupe ndio unaokupokea kabla ya ziwa. Muhogo umemenywa, umelowekwa, sasa umetandazwa juu ya mawe na mikeka ukauke, na pembeni yake usipa, dagaa wa ziwa hili, wamemwagwa kwenye vichanja wametanda kama fedha iliyosagwa. Ugali wa muhogo na usipa ndivyo vilivyolea watu wa ufuko huu wa Nyasa, kuanzia wavuvi wa Lundo na Liuli hadi kina mama wa Mbamba Bay wanaopakia ndoo za dagaa kwenda Mbinga mjini. Kule juu, Umatengoni, watu wana kahawa yao, mahindi na maharage kwenye ngolo, mashamba yao ya mashimo. Huku chini ni muhogo.

Basi mwaka 1979 muhogo huo ulishtakiwa. Kesi haikufunguliwa hapa. Ilifunguliwa kwenye jarida la kitabibu, na ushahidi mwingi ulitoka Kerala, kusini mwa India, ambako daktari aitwaye Geevarghese alikuwa amewaona wagonjwa wengi wa namna moja: vijana, maskini, wembamba, sukari imepanda mno, na makongosho yao yamejaa vijiwe. Watu wale walikula muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, hutoa sianidi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa msaada wa salfa inayotoka kwenye protini, na mtu asiyepata samaki wala nyama hana salfa ya kutosha. Hoja ikasimama vizuri: sumu inabaki, inalitafuna kongosho, na kongosho likiharibika hakuna insulini. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaandika kwenye orodha yake aina ya kisukari kinachotokana na utapiamlo, na kivuli cha muhogo kikawa kimesimama mlangoni.

Fikiri maana yake kwa Lundo. Mtaalamu wa lishe aliyesoma makala ile angeweza kushuka hapa na kuwaambia watu waache chakula pekee ambacho udongo wao wa kichanga hauwanyimi hata mvua ikigoma.

Waliousimamia muhogo kizimbani walikuwa madaktari wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walikwenda kwenye kijiji cha mkoa wa Mara ambako muhogo ndio chakula kikuu, wakapima damu za watu na sukari zao, kisha wakalinganisha na watu wa kijiji kisichoutegemea. Damu za wala muhogo zilionyesha wazi kwamba sianidi ilikuwa ikiingia mwilini. Kisukari hakikuonekana kuwa kingi kwao kuliko kwa wengine. Makala yao ya mwaka 1992 ilieleza jibu hilo kwenye kichwa chake chenyewe: muhogo hausababishi kisukari. Mwaka 1999 ile aina ya kisukari cha utapiamlo ikaondolewa kwenye orodha ya dunia. Mwaka 2025, kwenye mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likairudisha kwa jina jipya, aina ya tano, lakini safari hii anayetajwa ni njaa ya utotoni. Muhogo haujaitwa tena.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu watu wakisikia daktari bingwa wa homoni na kisukari hufikiria mtu wa ghorofani, koti jeupe, kiyoyozi, foleni ya wenye vitambi. Kazi hiyo ipo. Lakini kazi iliyohitaji kichwa cha bingwa hasa ilikuwa ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda kuuliza swali kijijini, na kuwa na elimu ya kutosha kutoamini jibu lililokwisha kuandikwa na wakubwa. Elimu ya namna hiyo hupatikana wapi, na huchukua muda gani?

Kwa hesabu ya Tanzania, kijana aliyemaliza kidato cha sita husoma udaktari miaka 5. Mwaka mmoja anafanya kazi chini ya uangalizi hospitalini. Akitaka ubingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto, anaongeza miaka 3. Baada ya hapo ndipo anagonga mlango wa kile tunachokiita ubingwa bobezi, kwa kawaida miaka 2 zaidi. Neno hilo, bobezi, limeingia kwenye hotuba za Wizara mpaka limechakaa, lakini mimi nalipenda. Lina harufu ya mtu aliyezama kwenye jambo hadi likamkubali. Jumla ni miaka 11, na sijahesabu ile ya kusubiri ajira, kusubiri ruhusa ya mwajiri na kusubiri mdhamini. Marekani ngazi ya mwisho ni hiyo hiyo: miaka 3 ya magonjwa ya ndani, kisha 2 ya homoni. Tofauti yetu iko kwenye idadi ya wanaofika juu, ambao bado ni wachache mno, na waliofika wamekusanyika kwenye miji ile ile michache.

Anasoma nini huko juu? Homoni ni mjumbe wa nyumba kumi. Hana bunduki wala ofisi, unaweza kuishi miaka asikujie, lakini akipita na ujumbe wake mtaa mzima unabadili mwendo. Tezi zinazotuma wajumbe hao ni ndogo: moja ni punje ya njegere iliyoning'inia chini ya ubongo, nyingine imekumbatia koo, mbili zimeketi juu ya figo kama kofia, na kongosho limejificha nyuma ya tumbo. Mjumbe mmoja akizidi au akipungua kidogo tu, mtoto hakui, mama hashiki mimba, moyo unakwenda mbio, mifupa inalegea. Bingwa wa fani hii hana kisu. Hufikiri, hupima damu, hufikiri tena. Ndiyo maana vijana wengi huikimbia. Haina pesa ya upasuaji wala sifa ya kufufua mtu mbele ya ndugu zake.

Na wakati mwingine bingwa wa kweli si mtu. Rovu lilikuwa jambo la kawaida nyanda za juu za kusini, kwa sababu udongo wa milimani hauna madini joto ya kutosha na samaki wa maji baridi hawana mengi kama wale wa bahari. Kuanzia 1986 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, baadaye sheria ikataka chumvi yote iwekewe madini hayo. Chumvi imeponya shingo nyingi kuliko daktari yeyote wa homoni aliyewahi kuzaliwa, na nadhani kila mwanafunzi wa fani hii aambiwe hivyo siku ya kwanza ili asije akajisahau.

Turudi kwenye sukari. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30, alichapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ya Afrika, na picha aliyoiacha ilikuwa ya bara ambalo magonjwa ya wazungu walioshiba bado hayajalifikia. Muhimbili waliamua kuhesabu badala ya kukisia. Kati ya Juni 1981 na Mei 1987 kliniki yao iliandikisha wagonjwa wapya 1,250, kila mmoja na kumbukumbu zake, na takriban mmoja kati ya watano alihitaji insulini ili aishi. Mwaka 1985 kikazaliwa Chama cha Kisukari Tanzania. Mwaka 1989 timu ya McLarty ikatoa matokeo ya vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: watu zaidi ya 6,000 walipimwa, na waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kwa mia. Utafiti wa taifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Asije mtu akaziweka namba hizo mbili kwenye mstari mmoja akasema kisukari kimeongezeka mara kumi; vijiji vya 1989 na taifa zima la 2012, pamoja na namna ya kupima, ni vitu viwili tofauti. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba kimepanda. Siku hizi ukisema "ana sukari" hakuna anayeuliza ni ugonjwa gani huo.

Lakini "ana sukari" ya mzee mwenye kitambi ni jambo moja, na ya mtoto ni jambo jingine kabisa.

Chukua mtoto wa miaka tisa wa Lundo. Simjui, ila njia yake naijua kwa sababu ni ile ile kila mahali. Anakunywa maji usiku. Amerudia kukojoa kitandani, anachekwa na ndugu zake. Kuna bibi atakayesema sisimizi wanafuata mkojo wake, na bibi huyo atakuwa amefanya uchunguzi wa maabara bila kujua. Mtoto anakonda huku anakula. Siku ya kumi na ngapi sijui anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na kwa kasi kama aliyekimbizwa. Zahanati wanapima malaria, na ufukweni huku kipimo cha malaria kinaweza kusoma ndiyo hata kama kinachomuua mtoto ni kitu kingine. Anapumua vibaya, kwa hiyo huenda ni nimonia. Amelegea, kwa hiyo atundikiwe dripu. Dripu gani? Kama ni ya chumvi, amepata ahueni ya kumfikisha Liuli, kwenye hospitali ya Mtakatifu Anna. Kama ni ile ya sukari, ambayo hutundikwa kwa nia njema kabisa kwa mtoto wa malaria asiyekula, wamemwongezea kuni kwenye moto.

Tone moja la damu kwenye kipima sukari lingemaliza ubishi kwa sekunde chache.

Baada ya hapo ndipo ubingwa unapoanza kuonekana. Mtoto huyo akijazwa maji haraka mno, ubongo unaweza kuvimba. Akipewa insulini, potasiamu inakimbilia ndani ya seli na moyo unaweza kusimama huku sukari ikishuka vizuri kabisa kwenye karatasi. Daktari wa kawaida, tena mzuri, anaweza kumaliza miaka kadhaa bila kukutana na mtoto wa namna hiyo aliyetambuliwa, na asichokiona hawezi kukizoea.

Mwaka 2008 madaktari wa homoni za watoto wa Ulaya, kupitia jumuiya yao ya ESPE, walishirikiana na wenzao wa Kenya kufungua Nairobi kituo cha kufundisha mabingwa wa fani hiyo kwa ajili ya Afrika. Wanafunzi, ambao wote walikuwa tayari mabingwa wa watoto, walifanya kazi kwenye wodi za Kenyatta, Gertrude's na Aga Khan, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizopeleka watu wake. Kozi ilikuwa ya miezi 18, na mgawanyo wake ndio unaonivutia: 6 ya mwanzo Nairobi, 3 ya mwisho Nairobi, na katikati miezi 9 nyumbani. Mwanafunzi anarudi kwao na mradi wa utafiti, akiwa amekwisha kujua anachokosa. Anakutana na maabara isiyo na kemikali, anakutana na mama aliyesafiri siku mbili, anagundua kwamba nusu ya alichofundishwa hakina mahali pa kukalia. Kisha anarudi Nairobi na maswali yake. Waliopanga vile, sijui kama walifanya kwa busara au kwa uhaba wa pesa za pango, walipatia. Daktari aliyesomea London miaka minne mfululizo hurudi akiwa na majibu. Huyu wa miezi 9 anarudi akiwa na ugomvi, na mimi namwamini zaidi mwenye ugomvi.

Insulini yenyewe ilipatikana Toronto mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa ya kwanza. Wagunduzi waliuza hati miliki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, ili isije ikawa mali ya mfanyabiashara. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mpango wa kimataifa wa kuwapa watoto insulini bure, ulioanza 2009, umefika Tanzania pia, na swali la mama wa Lundo limebaki la joto: chupa itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, na nyumba haina friji. Jibu ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowanishwa. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Chupa aliyoanza kuitumia hukaa humo salama kwa takriban wiki nne. Mchanga Lundo hauuzwi.

Sasa niseme neno kuhusu vitabu. Vitabu vya fani hii viliandikwa Boston na London kwa wagonjwa wa Boston na London. Vinasema mtoto au kijana mwembamba mwenye sukari ya ghafla ana kinga ya mwili iliyogeuka adui na kulishambulia kongosho, na alama za vita hiyo huonekana kwenye damu. Mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo ya watu 894 wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini waliougua wakiwa wadogo au vijana na wakahesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Takriban wawili kati ya watatu hawakuwa na alama hizo. Ni kisukari gani basi? Hilo ndilo wanaloendelea kulichimba. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu nacho kina kasoro zake huku kwetu, kwa kuwa husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, zinazoishi siku 120 hivi. Mahali ambapo malaria inazivunja chembe hizo kabla ya siku zake, au mtu amerithi selimundu, karatasi inaweza kusoma vizuri huku mgonjwa anaoza. Bingwa aliyefundishwa kuamini kile kipimo peke yake atampongeza mgonjwa wa ufuko wa Nyasa na kumruhusu aende zake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani tatizo litakwisha siku kila mkoa utakapopata bobezi wake. Mwaka 2024 serikali ilituma madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri nchi nzima kwa kambi za siku chache, na watu walipanga foleni alfajiri. Ni jambo jema. Ila ngiri hukatwa Jumanne ikaisha. Kisukari hakina Ijumaa ya kufunga kambi. Rwanda waliliona mapema. Kuanzia 2006, Rwinkwavu, wauguzi walifundishwa kuendesha wenyewe kliniki za magonjwa sugu hospitali ya wilaya, insulini ikiwamo, na daktari bingwa akawa mwalimu wao badala ya kuwa mlango wa kupitia. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, wilaya ya Neno ikafuata njia hiyo. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walioketi Lomé waliupitisha mpango wa namna hiyo kwa bara zima. Kwa hesabu yangu, bobezi mmoja aliyefundisha wauguzi 20 ni bora kuliko mabobezi watatu wasiofundisha mtu, na shahada yake ingepimwa hivyo kama mimi ndiye ningeitunga mitihani.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye miguu. Panya huuma huku akipuliza, Waswahili walisema, na kisukari ni panya wa namna hiyo. Kwanza kinaua hisia za mguu, ndipo kinautafuna. Dar es Salaam, Zulfiqarali Abbas na wenzake walikutana na jambo ambalo hakuna kitabu cha Boston kingeliwaza: wagonjwa waliokuwa wakija na vidonda vya meno. Walilala usiku, panya halisi wakawaguguna vidole, asubuhi wakaona damu kwenye shuka. Hawakuhisi kitu. Waliyaandika hayo na kuyachapisha mwaka 2005. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuanza, sambamba na India, mafunzo ya miguu ya hatua kwa hatua, na sharti lake lilikuwa kwamba hakuna kituo kinachopeleka daktari peke yake. Wanakuja wawili, daktari na muuguzi wake, wanajifunza pamoja, wanarudi pamoja. Daktari akihamishwa, na madaktari huhamishwa, mikono inayojua inabaki.

Chombo kikuu wanachorudi nacho ni uzi wa nailoni uliochomekwa kwenye kipini, unaopinda ukibeba uzito wa gramu 10. Muuguzi anamwambia mgonjwa afumbe macho, anaugusisha chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, kwenye unyayo, na kila mara anauliza: "Unasikia?" Asiposikia, mguu huo tayari ni wa panya.

Nauona uzi huo ukifika Lundo. Binti wa zahanati amerudi kutoka mafunzoni, amefuata mwongozo neno kwa neno. "Shikamoo babu. Naomba uvue viatu." Babu ametoka ziwani, hana viatu vya kuvua, anaitikia marahaba na kuunyoosha mguu wenye mchanga. Anaambiwa afumbe macho, lakini kwanza anauchukua ule uzi, anauvuta kwa vidole viwili kuangalia uimara wake, anaunusa. Mshipi anaujua. Kwake ana bunda zima.

"Huu ni namba ngapi?" anauliza.